Alama Sifuri kwa Kambi ya Mwisho

Tangu nirudi, kila anayenikuta sokoni Kitui ananiuliza swali moja: "Mwalimu, uliona simba?" Sikuona simba. Niliona mgongo wa swala mmoja, kinyesi kingi cha ndovu, na ofisi zilizofungwa kwa kufuli. Lakini nyinyi wenzangu wa kwaya mmenisumbua Jumapili mbili mfululizo, na magoti yangu hayataki tena kusimama nje ya kanisa nikisimulia kitu kile kile. Basi nimeandika. Someni, mpeane, kisha mniache nipumzike.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Walionituma walitaka kujua hifadhi za wanyama upande wetu zinasimamiwa vipi. Mimi nilifundisha jiografia hadi nikastaafu, najua Kikamba, na naweza kujaza fomu bila kufutafuta, kwa hiyo wakaona nafaa. Fomu ilikuwa na maswali thelathini. Mpaka unajulikana? Askari wanatosha? Maji yapo? Majirani wanashirikishwa? Kila jibu lilipewa alama kuanzia sifuri hadi tatu. Kambi ya askari ambayo ingepata alama za chini ingefungwa, na askari wake wangepelekwa kwenye kambi kubwa mbali na vijiji. Hilo tuliambiwa sisi watathmini peke yetu. Tulikatazwa kabisa kumwambia mtu yeyote tutakayemtembelea, hata askari wenyewe, wasije wakajipamba kwa ajili yetu.

Sheria ya pili ilikuwa fupi zaidi: andika unachokiona kwa macho yako siku hiyo, usiandike unachoambiwa. Nilizikubali sheria zote mbili bila kusita. Nimekuwa mwalimu, najua darasa linavyofagiliwa siku ya mkaguzi.

KITUI HADI KITUI

Msiseme nimekosea kichwa. Siku ya kwanza tulitoka Kitui asubuhi, na alasiri tulikuwa Kitui.

Dereva wangu aliitwa Musembi, mtu wa makamo, mnene, mwenye tabasamu la kuniambia kila mahali ni karibu. Tulikuwa tunakwenda Mutomo, kusini. Tulipofika barabara kuu akakata kona upande mwingine.

"Madam, kuna kitu kidogo tu. Tupitie Kabati."

"Musembi, Kabati iko nyuma ya kisogo chetu."

"Spea iko huko. Fundi aliziba juzi. Sasa tukienda bila spea, na zile barabara za ndani, si wewe ndio utanilaumu?"

Nilikubali kwa sababu alikuwa na haki. Kabati tukakuta kibanda cha fundi kimefungwa. Muuza duka wa jirani alituambia fundi amekwenda kwenye ntheo ya mpwa wake, ile siku mbuzi wa mahari wanapopelekwa kwa kina msichana na kuchinjwa. Mtu hawezi kuondoka kwenye ntheo nyama haijagawanywa, hata kama gari la Rais linamngoja. Gurudumu letu lilionekana vizuri kupitia ufa wa mabati. Tulikaa kwenye benchi tukilitazama hadi saa nane, tukala chapati na maharagwe, tukanywa chai, tukalitazama tena.

Fundi alikuja akiwa ameshiba na mwenye furaha. Alituletea kipande cha mbavu kwenye karatasi kama msamaha, na msamaha ule ulikuwa mtamu, siwezi kusema uongo. Tuliporudi tukipita Kitui, jirani yangu alikuwa anaanua nguo. Akanipungia mkono kwa mshangao. "Umesharudi? Uliona simba?"

KITUI HADI MUTOMO

Lami ni nzuri siku hizi, na Musembi aliendesha vizuri. Tulifika Mutomo jioni, tukalala. Kambi ya kwanza na ya pili sitazitaja kwa majina, maana sikutumwa kuwaaibisha watu kwenye kwaya.

Ya kwanza tulimkuta askari mmoja anapika ugali. Nilimuuliza swali la kwanza, mpaka wa hifadhi uko wapi. Akasema, "Hiyo ni ya mkubwa." La pili, "Hiyo pia ni ya mkubwa." Mkubwa alikuwa kwenye mazishi. Tulimngoja siku nzima juu ya mawe, jua likituhamisha kutoka kivuli hadi kivuli. Alipofika jioni alikuwa mtu mwema, amechoka kama mimi, na alijibu yote kwa uaminifu. Alama zake zilikuwa za wastani. Kambi ya pili ilikuwa hivyo hivyo, ila mazishi yalikuwa harusi.

Usiku huo miguu ilinivimba. Nilianza kujiuliza mwanamke wa umri wangu anatafuta nini juu ya mawe ya Mutomo.

MUTOMO HADI MAKINDU

Fomu ilitaka pia maoni ya majirani, kwa hiyo mbele kidogo ya Ikutha tulisimama kwenye boma moja karibu na barabara. Nilipofungua mlango wa gari nikaona mwanamke anakimbiza kuku wake kichakani kwa leso, shwaa, shwaa, hadi wa mwisho akapotea. Kisha akaja kutupokea, akihema, mikono mitupu mbele yake.

"Karibuni. Sisi hapa hatuna kitu."

"Mwaitu," nikamwita, yaani mama, "mimi sitoki kwa chakula cha msaada. Nauliza tu kuhusu ndovu."

"Ii, nimesikia. Lakini hatuna kitu."

Jogoo akawika kule kichakani. Sote tulijifanya hatukusikia.

Nilicheka njia nzima hadi daraja la mto Athi. Nyinyi mnajua kwa nini. Hakuna mtoto wa Ukambani wa rika letu ambaye hakutumwa kuficha mbuzi siku ile watu wa mwolyo, chakula cha njaa, walipopita wakiandika majina. Mama yangu alikuwa akimimina mahindi kwenye mtungi, anaufunika kwa nguo za mtoto, halafu anaketi mlangoni na uso wa kufiwa. Aliyeonekana na kitu alifutwa kwenye orodha. Hatukuuita uongo. Uliitwa kujiandaa.

Makindu tulifika na njaa ya kweli. Musembi alisema twende kwenye hekalu la Masingasinga, msafiri hula bure pale, na mimi nilikuwa nimesikia hivyo maisha yangu yote bila kuingia hata siku moja. Tukaambiwa tuvue viatu na kufunika kichwa. Musembi akasimama mlangoni kama mtu aliyeitwa mahakamani.

"Madam, wewe kula. Mimi nimeshiba."

"Umeshiba nini? Ulikula lini?"

Akanong'ona kwamba soksi zake zina matundu, vidole vyote vya mguu wa kulia viko nje. Nilimwambia avue na soksi. Aliingia miguu mitupu na kitambaa kichwani, akala dengu na chapati sahani tatu. Mzee mmoja aliyekuwa akigawa chakula hakutuuliza tumetoka wapi, tuna nini, wala hatuna nini. Alimimina tu. Nililifikiria jambo hilo baadaye, kwa sababu nitakayowaambia sasa.

MAKINDU HADI CHINI YA VILIMA

Kambi ya mwisho iko chini ya vile vilima unavyoviona ukiwa Makindu. Kutoka lami ni mwendo wa saa mbili kwenye vumbi jekundu. Kabla ya kwenda nilikuwa nimesoma barua za zamani za kijiji kile. Ndovu walikuwa wakiingia mashambani kila msimu, na mtu mmoja aliuawa akilinda mbaazi zake. Baada ya hapo ndipo kambi ndogo ya askari watatu ikawekwa, na tangu iwekwe hakuna mtu aliyekufa. Kwa hiyo nilikwenda nikitumaini. Nilitaka kuona mahali pamoja tu ambapo kitu kinafanya kazi, nirudi nyumbani na moyo.

Alitupokea Mama Nduku, mwenyekiti wa mwethya wa akina mama wa pale, kile kikundi cha kufanya kazi kwa zamu kwenye shamba la kila mmoja. Mwanamke mrefu, mkavu, amejifunga leso iliyochanika. Askari wote watatu walikuwa doria porini tangu juzi.

"Koplo anarudi leo," alisema. "Lakini hata akirudi, mwaitu, hapa tunaumia tu."

Nikamwomba anionyeshe uzio. Ulikuwa nguzo na waya mmoja uliolegea, kuanzia shamba lake hadi mwisho wa kijiji. Kwenye waya kulikuwa na kulabu zinazong'aa, nyingi, hazikuning'iniza kitu. Niliziona kulabu zile. Nilikuwa nimechoka, jua lilikuwa kichwani, sikujiuliza kulabu tupu inang'arishwa na nini.

"Huu uzio unazuia ndovu?"

"Huu? Huu ni wa kuanika nguo."

"Mna daftari la kuandika ndovu wakija?"

"Lililiwa na mchwa."

"Redio ya kuita askari?"

"Hakuna."

"Pampu ya maji?"

"Hakuna." Wanawake wengine wanne waliokuwa nyuma yake wakaitikia pamoja, "Hakuna," kama kiitikio cha pambio.

"Askari wenyewe wanawasaidia?"

Hapo alisita kidogo. Akatazama chini. "Hawa watu huja tu wakitaka," akasema kwa sauti ndogo.

Niliandika sifuri. Nikaandika sifuri nyingine. Mkono uliniuma kuziandika, maana mimi peke yangu pale nilijua zinakwenda kufanya nini. Nikamwuliza tena, karibu kwa kumsihi: "Mama, kweli hakuna hata kitu kimoja kinachofanya kazi hapa?"

"Hata kimoja," alisema, na alisema kwa fahari.

Kisha wakatupikia. Hata aliyejiandaa kwa siku ya mwolyo hawezi kumwacha mgeni na njaa. Ilikuja sahani ya muthokoi iliyoiva vizuri, mahindi yamekobolewa yakawa meupe, maharagwe yamepasuka, na mafuta juu. Ikaja chai. Musembi akaonja akasema, "Hii ni asali!"

"Ya kununua," Mama Nduku akasema haraka.

Koplo Abdi alifika saa tisa na wenzake wawili, viatu vyeupe kwa vumbi. Ni mtu wa Garissa, mwembamba, ana sauti ya chini, na amekaa kambini pale miaka minne. Alinisalimia kwa heshima sana. Kisha akageuka akatazama uzio, kutoka mwisho hadi mwisho, muda mrefu. Akamtazama Mama Nduku. Mama Nduku alikuwa anatazama vidole vyake vya miguu.

"Koplo," nikasema, "nieleze kuhusu huu uzio."

"Mwalimu, mimi kwa hii kijiji ni mgeni. Hiyo fensi ni ya akina mama. Uliza wao."

"Nimewauliza."

"Basi uliza tena kesho."

Nilikasirika. Nilimwona ni mtu wa kukwepa kazi, nikaandika alama moja pale palipohusu askari. Ilibaki muhuri wa kikundi tu, na muhuri alikuwa nao katibu, na katibu alikuwa amekwenda Makindu sokoni. Hata kufeli kulihitaji muhuri. Nikawaambia tutarudi asubuhi, tukapiga vumbi tena mwendo wa saa mbili kurudi kulala Makindu.

ASUBUHI YA PILI

Tulijua kuna jambo kabla hatujashuka kwenye gari. Waya wa uzio ulikuwa umelala chini, nguzo tatu zimeng'oka. Shamba la Mama Nduku lilikuwa limekanyagwa lote. Mbaazi zilikuwa zimelazwa, ndengu zimevurugwa na udongo, na tangi lake la maji la plastiki limepasuliwa. Koplo Abdi alikuwa ameketi kwenye jiwe, shati limechanika begani. Yeye na wenzake walikuwa wamewafukuza ndovu tangu kabla ya alfajiri hadi wakawarudisha vilimani. Hakuna mtu aliyeumia. Nilimshukuru Mungu kwa hilo kwa sauti.

Mama Nduku alikuwa katikati ya shamba lake. Hakuwa analia, alikuwa anaokota ndengu moja moja na kuzitia kwenye leso. Akina mama wengine walikuwa wakigombana, na ugomvi wao ulikuwa neno moja: ni nani aliyetoa wazo hili. Nilipouliza wazo gani, wakanyamaza wote.

Katika kimya kile nikasikia kanisa. Ni kanisa dogo la mabati, hatua chache kutoka shambani, mlango umefungwa, na lilikuwa linavuma. Musembi, ambaye udadisi wake ni mkubwa kuliko tumbo lake, alikwenda akasukuma mlango.

"Madam, rudi nyuma! Ni nyuki!"

Walikuwa nyuki. Ndani, kati ya benchi na benchi, ilipangwa mizinga ya magogo, kila mmoja umezibwa mdomo kwa nyasi, na nyuki wachache waliotoroka wakizunguka mimbari. Mbele, mahali pa sadaka, palikuwa na redio ya askari, pampu ya maji, toroli mbili, na daftari kubwa ambalo mchwa hawakuligusa. Niliufungua ukurasa wa kwanza. Kila ndovu aliyekuja kwa miaka minne alikuwa ameandikwa, siku, saa, upande aliotokea, na jina la mama aliyekuwa zamu.

Ndipo nikaelewa zile kulabu. Mizinga huning'inizwa kwenye waya, ndovu akiusukuma waya mizinga inatikisika, nyuki wanatoka, na ndovu, kwa ukubwa wake wote, hukimbia nyuki. Wakamba tumefuga nyuki tangu zamani. Hawa walikuwa wameifanya kazi ya babu zao kuwa ukuta.

Mama Nduku alikuja akasimama mlangoni na leso yake ya ndengu.

"Mwalimu, usituandike vibaya," alisema. "Tuliambiwa mnakuja kupima. Sisi tunajua kupimwa. Wa mwolyo wakija, ukionyesha uko na kitu, unafutwa kwa list. Mwaka ule niliacha kuku wangu wawili nje, mwenye kuandika akasema huyu mama ako sawa. Tulikaa njaa na watoto. Sasa tukasema, tukionyesha hii mizinga, mtaona tuko sawa, hamtatuletea waya mpya. Tulitaka waya, na askari wengine wawili. Tukahamisha jioni ile kabla ya wewe kufika. Tungerudisha ukishapiga muhuri."

"Na askari? Kwa nini ulisema huja wakitaka?"

Hapo ndipo alipolia. "Yule aliyeuawa na ndovu, unajua ni nani? Ni shemeji yangu, ndugu ya bwana yangu. Tangu huyu Abdi afike sijazika mtu. Nilimsema vibaya ndio tuongezewe wengine kama yeye."

Abdi alikuwa amesimama nyuma yetu. "Mimi nilikuta mizinga haiko," akasema polepole. "Nikajua wako na sababu. Mgeni haaibishi wenyeji mbele ya mtu mwingine. Lakini nilitaka ukae siku moja, Mwalimu, ujionee."

Nilikaa kwenye benchi la mwisho la kanisa lile, nyuki juu ya kichwa changu, na nikaona aibu. Aibu ile ilikuwa yangu, si yao. Wao walificha mizinga. Mimi nilificha maana ya sifuri, nikaketi kwenye kiti chao, nikala muthokoi wao, nikaziandika nikijua. Kama ningewaambia siku ile ya kwanza, ndengu za Mama Nduku zingekuwa zimesimama.

Basi nikavunja sheria. Niliwaambia kila kitu.

"Ukiandika hatuna kitu, wanaleta?" Mama Nduku aliuliza, kana kwamba hakunisikia.

"Ukiwa huna kitu, wanafunga."

"Wanafunga kambi?"

"Wanafunga kambi."

"Na Abdi anaenda?"

"Anaenda, na wenzake."

Kisha Musembi akasema, "Mficha uchi hazai," na akina mama wote wakamgeukia kwa macho ambayo yalimrudisha kwenye gari.

Nilikuwa na fomu moja safi iliyobaki. Lakini sheria ya pili sikutaka kuivunja, maana ile ni ya haki: unaandika unachokiona. Mizinga iliyo kanisani haizuii ndovu. Na mizinga huwezi kuihamisha mchana nyuki wakiwa na hasira na jua. Inangoja jua lizame, watulie.

"Madam," Musembi akasema dirishani, "tulisema leo tuko Kitui."

"Leo hatuko Kitui."

Nilikaa siku ile kwenye kivuli cha kanisa nikiwatazama wakifanya kazi. Waliita mwethya kwa filimbi, na watu wakatoka boma zote. Nguzo zilisimamishwa, waya ukavutwa, na katibu aliyerudi na muhuri akaingizwa kazini kabla hajaweka kikapu chini. Abdi alichimba mashimo na shati lake lililochanika. Jua lilipozama wazee wawili wakaja na moshi wa kinyesi cha ng'ombe, wakaongea na nyuki kwa sauti ya chini, na mizinga ikatoka kanisani mmoja mmoja, kila mmoja kwenye mti uliobebwa mabegani na watu wawili. Nilichoka hata kwa kutazama. Mama Nduku akanipa kitanda chake, yeye akalala kwa jirani, na nilikataa kwa maneno tu.

Asubuhi nilitembea uzio wote na fomu mpya. Nilisimama kwenye kila mzinga nikasikiliza. Yote ilikuwa inavuma isipokuwa miwili karibu na shamba la Mama Nduku. Nyuki wa miwili ile walikuwa wamehama. Nyuki hawapendi kusumbuliwa mara mbili, mzee mmoja alisema, na mimi niliwaelewa. Kwenye uzio nikaandika mbili, si tatu, na Mama Nduku aliniona nikiandika, hakubisha. Redio, daftari, pampu, nikaandika nilichoona. Kwa askari niliandika tatu, na Abdi akajifanya anafunga kamba za viatu.

Nikafika kwenye lile swali la majirani kushirikishwa. Nilifikiria kijiji kizima kilichohamisha mizinga yote jioni moja bila mtu hata mmoja kusema neno. Nikaandika tatu, na kalamu karibu itoboe karatasi. Chini, pembeni, nikaandika pia kwamba mtathmini aliwaambia wenyeji matokeo yatatumika vipi, na kwa nini. Najua sitaitwa tena kwa kazi hiyo. Mama Nduku akapiga muhuri kwa ngumi.

MAKINDU HADI KITUI

Gurudumu lilipasuka kabla ya Mutomo. Musembi alishuka kwa majivuno, akatoa ile spea ya Kabati, na spea ilikuwa haina upepo hata kidogo. Tulikaa kando ya barabara kwa muda wa saa tatu hadi msamaria mmoja wa lori akatuvuta. Nilifika nyumbani nikalala siku mbili.

Alhamisi iliyopita simu ikalia. Ilikuwa namba ya Abdi, lakini sauti ilikuwa ya Mama Nduku, akipiga kelele kama watu wanavyofanya wakidhani umbali ni uziwi.

"Mwalimu! Wamesema kambi inabaki!"

Nilikaa chini. Machozi yalinitoka, na sikuwa nimetarajia. Nikamwambia asante, kana kwamba ni mimi niliyepewa kitu.

"Lakini wamesema kuna wengine wanakuja," akaendelea, "kuhakikisha kama ulisema ukweli. Sasa Mwalimu, tuambie. Hao ni wa kuonyeshwa ama ni wa kufichwa?"

"Waonyesheni kila kitu, Mama. Kila kitu."

"Hata ile mizinga miwili iko bure?"

"Hata hiyo."

"Sawa," akasema. "Tutaonyesha. Lakini kuku wangu wataenda kanisani."

Nilitaka kumkemea. Nilikuwa hata nimefungua mdomo. Kisha nikayatazama magunia mawili ya ndengu yaliyo nyuma ya kitanda changu chini ya blanketi, mimi niliyestaafu na kujaza fomu za watu, niliyoyaweka huko tangu chifu atangaze kwamba watu wa mwolyo watapita mtaani kwetu Jumatatu. Nikafunga mdomo.

Na kabla hamjanicheka, wenzangu: najua mbuzi wa kila mmoja wenu watakuwa wapi Jumatatu asubuhi.